Mama Hansa Alipojiona kwenye Filamu

Mjukuu wangu Adhiambo,

Pokea salamu kutoka Sindo. Babu yako ameanza kutembea vizuri, na mamako amevuna mtama. Umeniuliza kama uache kuigiza kwa sababu mchumba wako hapendi.

Nikiwa msichana, nilifanya kazi Suna kwa Mama Hansa, mke wa Mhindi aliyeuza vitambaa. Zamani aliigiza filamu kwao Bombay, akaacha alipoolewa. Siku moja filamu yake ililetwa Homa Bay, nikaenda naye kuitazama. Alipotokea kwenye skrini akicheza dansi, watu walishangilia, wala hawakujua kwamba ameketi katikati yao.

"Mama, ni wewe," nikamnong'oneza.

"Ni mimi wa zamani," akasema. Vidole vyake vilikuwa vikifuata ngoma juu ya magoti. "Mume wangu ni mtu mwema. Lakini kuacha, hakuna aliyeniuliza kama nataka."

Alitazama mpaka taa zikawashwa, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake. Mpaka leo namkumbuka hivyo.

Basi mimi nakuuliza, mjukuu wangu: wewe unataka nini? Nijibu kabla ng'ombe wa mahari hawajafika.

Nyanyako, mwenye hamu ya kukuona.