Maneno Niliyomtungia Mama Chuma

Jumapili, 5 Oktoba

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mpatanishi huharibu kazi kwa kuchochea. Siyo. Mchochezi hujulikana siku hiyo hiyo, akafukuzwa, kazi ikaendelea. Anayeharibu hasa ni anayepamba. Huyo hushangiliwa. Huyo hupewa kiti cha mbele.

Mimi nimepewa kiti cha mbele.

Muuguzi amekuja baada ya chakula cha mchana, bado amevaa sare ya zahanati. Ndiye mdogo kuliko sote katika kamati yetu ya akina mama wapatanishi, na ndiye mwenye mbio. Jumamosi mitaa miwili inakutana katika ukumbi wa shule: miezi sita tangu mawe yakome. Watu wa juu na watu wa chini, ukumbi mmoja! Nitasema dakika kumi kuhusu jinsi amani ilivyopatikana. Halafu — hapa alipiga makofi — fundi cherehani atamkabidhi Mama Chuma kitambaa cha meza kilichodariziwa yale maneno.

Nikauliza, maneno gani?

"Mwalimu naye! Yale yako. Yaani, yale yake, uliyoyaleta wewe."

Nilimwaga chai kwenye sahani. Akadhani ni uzee.

Jumatatu, 6 Oktoba

Niandike sawasawa, maana humu hakuna wa kunipigia makofi.

Mwezi wa Aprili watu wa mtaa wa juu walifunga koki ya bomba, wakidai wa chini wanawamalizia maji. Siku tatu za mawe. Siku ya pili jiwe la mchomeleaji wa mtaa wa juu, mwana wa Mama Chuma, lilimpata binti wa fundi cherehani, mama wa mtaa wa chini. Jicho la kushoto. Ana miaka kumi na sita, na jicho hilo halioni tena. Wajomba zake wakaacha mawe, wakashika mapanga.

Wanaume waliketi na mwenyekiti wa mtaa, wakaandika muhtasari. Sisi akina mama tulivuka kupeleka maneno. Sababu ni rahisi: mwanamume akivuka mtaa siku ya ugomvi, huo ni ujumbe, na ujumbe hurushiwa mawe. Mwanamke akivuka na sufuria mkononi, ni jirani anarudisha sufuria. Nilivuka mara saba na sufuria ile ile. Wala sikuiazima kwa mtu. Ilikuwa yangu.

Kanuni yetu ni moja, na niliitunga mimi: maneno hayabadiliki njiani. Mtumaji anasema. Mchukuzi anayarudia mbele yake, neno kwa neno. Mtumaji anajibu, "Ndivyo." Hujasikia "ndivyo", huondoki. Nimewafundisha akina mama kumi na wawili. Nimewafanyisha mazoezi kama darasa la tatu!

Mama Chuma — tunamwita hivyo kwa sababu ya karakana ya mwanawe — aliniambia mlangoni kwake: "Mwambie pole. Lakini na huyo binti alifuata nini pale, mawe yakirushwa?" Basi. Hayo tu. Sikuyarudia mbele yake. Sikungoja "ndivyo".

Kwa fundi nilifikisha haya: "Mama Chuma anasema, mkono ule niliuzaa mimi, naomba unisamehe kwa ajili yake."

Kutoka mlango ule hadi huu ni hatua mia mbili. Niliyatunga katika hatua mia mbili. Fundi alilia mpaka akashikilia cherehani asianguke. Kisha akatoka nje, akawaamuru kaka zake waweke mapanga ndani. Wakaweka. Jioni koki ikafunguliwa.

Sikufanya vile ili nisifiwe. — Nifute sentensi hiyo? Nilijua ni maneno mazuri. Nilijua hata kabla sijabisha hodi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwambia mdogo wangu. Tunaishi wawili humu, na miezi sita yote nimemficha. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Dada, miaka thelathini na minne ya kusahihisha insha za watu. Ulidhani utaacha?"

Nikasema, mtu angeuawa siku ile.

Akasema, huenda. Akatupa kijiwe dirishani. Akasema, huenda pia ungerudi kumwambia yule mama hayo hayafai kufikishwa, hebu aseme tena. Hatua mia mbili tu, dada.

Wali ulipoiva sikula.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Chuma. Nia yangu — humu naweza kuisema — haikuwa kutubu. Nilitaka ayakubali yale maneno. Ayavae siku moja tu, kama nguo ya kuazima, Jumamosi apokee kitambaa, mambo yaishe.

Uani kwake milango ya chuma imeegemezwa ukutani, haijapakwa rangi. Mwanawe aliponiona alizima mashine, akanisalimu akiangalia viatu vyangu. Tangu Aprili yule kijana hamtazami mtu usoni.

Nilimweleza mama yake yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaniomba nirudie ile sentensi. Nikairudia.

"Nzuri," akasema. "Mimi sijui kusema hivyo."

Mashine haikuwashwa tena, nadhani kijana alikuwa anasikia.

"Kwa hiyo miezi sita yote huyu mama ananisalimia vizuri bombani. Ananisogezea ndoo. Nami najiambia, yule ana moyo, sijamwomba kitu na amenisamehe. Kumbe hakuwa akinisalimia mimi. Anamsalimia mtu uliyemtunga wewe."

Nikasema, lakini nawe ulimpa pole.

"Nilitoa pole, nikatoa na upuuzi. Nilikuwa na hofu, Mwalimu. Mwanangu huyu mzima na ndevu zake alikuwa chini ya kitanda. Ulisimama mlangoni kwangu dakika ngapi siku ile?"

Nikahesabu: hazikufika mbili.

"Kiti nilikupa, ukakikataa. Ungeketi, ningelia. Ningelia, ningesema. Wewe ukaona, mwanamke huyu hana maneno, ngoja nimpe."

Mimi! Ninayesifiwa kila kikao kwa uvumilivu! Ndiyo kazi yenyewe ya mpatanishi, nimeieleza mara mia: mtu husema kwanza hofu, ndipo husema la moyoni, na ukiondoka kati ya hayo mawili umebeba hofu tu. Nililijua hilo. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, na tayari nilikuwa na sentensi kichwani.

Na bado nilimsihi. Ndiyo, baada ya kusikia yote hayo, nilimsihi apokee kitambaa anyamaze tu. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema maneno yake mwenyewe anayo, amekaa nayo miezi sita.

Nikamwambia haraka, nipe, niyapeleke leo hii!

"Aa, wewe sikutumi tena. Kayaondoe kwanza yako kwa yule mama. Yangu nitayapeleka kwa miguu yangu."

Alinisindikiza hadi barabarani, kama mgeni wa heshima. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi. Nimerudi. Sikusema.

Niandike jinsi nilivyoshindwa, kwa kuwa ni darasa.

Duka lake ni chumba kimoja cha mbele, cherehani mbili, kioo chenye ufa. Nilidhani kitambaa anadarizi yeye. Anadarizi binti. Amekaa mlangoni penye mwanga, ameinamisha kichwa upande ili jicho la kulia liwe juu ya sindano. Uzi mwekundu. Amefika kwenye "naomba".

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Njoo uone kama nimenyoosha mstari."

Mama yake akadakia, mdomo umejaa pini: "Mwache Mwalimu akague! Si ndiye mwenye herufi zake." Wakacheka wote wawili. Nikacheka na mimi.

Nilikuwa nimejipanga. Sentensi ya kwanza: nina jambo la kukuomba radhi. Niliifikisha mpaka kwenye "nina jambo". Binti akauliza, hakuinua kichwa:

"Bibi, alipoyasema haya alikuwa amesimama au ameketi?"

"Ameketi," nikasema.

"Alilia?"

"Kidogo."

Hivyo ndivyo. Sikuuondoa uongo mmoja, nikaongeza miwili. Nilimpa yale ambayo yangetokea kama ningekubali kiti! Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kuchoma sindano. Akasema kwamba mwanzoni, hospitali, alikuwa anajiuliza kila siku kama kosa ni lake, kwa nini alipita njia ile. Mama alipomletea maneno haya, akaacha kujiuliza.

Fundi alinisindikiza. Mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, ulisema una jambo?" Nikamwambia, hapana, ni kukagua tu kitambaa. Ni kizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Muuguzi ameleta ratiba. Jina langu limepigiwa mstari. Anataka kanuni yetu ya kubeba maneno niieleze polepole, maana watakuwapo akina mama wa mitaa mingine wanaotaka kujifunza. Nikamwuliza, kama mchukuzi akivunja kanuni na amani ikapatikana, utasemaje? Akafikiri kidogo, nampenda kwa hilo. Akasema, "Basi amani hiyo ni ya mchukuzi. Wenyewe bado hawajapatana."

Miaka yake ishirini na saba!

Nimehesabu hofu zangu. Ya kwanza, wajomba: wakisikia ukumbini, mbele ya watu mia mbili, mapanga yatatoka tena. Ya pili, binti: nitamrudishia lile swali la hospitali. Ya tatu, jina langu. Nimesoma tena nilivyozipanga. Ya tatu nimeiweka mwisho ili ionekane ndogo. Jana pale dukani hapakuwa na wajomba wala panga. Kilichonifunga mdomo jana ni ile ya tatu.

Na kuhusu ya kwanza, ukweli ni huu: hatari iko ukumbini, haiko dukani. Fundi akiambiwa peke yake, mapema, ana nafasi ya kulia, kunifukuza, kuamua mwenyewe kama atamsikiliza Mama Chuma. Aliwanyamazisha kaka zake mara moja kwa maneno ya bandia. Nani kaniambia hawezi kwa ya kweli? Kwa nini nimemfanya dhaifu kuliko alivyo? Na Mama Chuma nilimfanya hivyo hivyo. Nilijiona mimi ndiye mwenye maneno mtaa mzima.

Mdogo wangu amepiga pasi nguo yangu ya kesho bila kusema kitu. Amenitolea pia viatu vya kutembelea. Si vile vya mkutano.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa moja na nusu asubuhi. Mkutano ni saa nne.

Kumekucha zamani, nami bado naandika. Hii nayo ni njia ya kutokwenda.

Mama Chuma amepita chini ya dirisha langu sasa hivi. Amevaa nguo ya kutokea. Mikono mitupu — hana sufuria, hana kisingizio chochote. Mwanawe yuko nyuma yake, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, macho chini. Wanateremka kuelekea mtaa wa chini. Wanawake bombani wameacha kuongea.

Wamefika kona, hatua kumi kutoka mlango wa fundi. Wamesimama.

Kwa nini wamesimama?

Duka liko wazi. Namwona binti anatikisa kitambaa, anakikunja. Kimekwisha. Bado hajawaona, wako upande wa jicho la kushoto.

Mama Chuma amegeuka, anaangalia huku. Si kwa hasira. Amemwambia mwanawe kitu, kijana ameketi kwenye jiwe la kona. Naye ameketi kando yake, ameweka mikono mapajani.

Ananisubiri. Mimi sikumsubiri, yeye ananisubiri.

Mwalimu, weka kalamu. Vaa viatu, shuka, uingie kwa fundi kabla yao, uketi, umwambie: maneno yale niliyatunga mimi.