Kifuniko chenye Tundu
Jumatano, kambini Ngara

Kifuniko kimeshika kikombe vizuri, hata mvuke wa uji tunaowagawia watoto haukukilegeza. Nimekitengeneza kwa maboksi chakavu niliyoyaloweka na kuyaponda. Kikishatumika nakichemsha, nafinyanga kingine. Nilikitoboa tundu la kunywea ili nzi wasiingie.

Basi Mama Spesioza, mkimbizi ambaye mtoto wake anaharisha maji matupu, akachomeka mrija wa tete, kama ule wa pombe ambao kwao hunywewa kwa zamu. Mtoto alipofyonza, akampa jirani mrija uleule amnyweshe mtoto wake.

“Mama, kila mtu na mrija wake!”

“Nikimnyima, kaka, atasema nimemtilia sumu.”

Jirani alinicheka, akamnywesha.

Kesho vifuniko visiwe na tundu. Lakini huyo mtoto wa jirani alikuja mzima leo, na uji aliumaliza wote kwa mrija uleule.