Kwa Kaka Aliyemwimba Maksai Kanga

Kaka yangu Mwita,

Tangu nijue kusema nilikuamkia shikamoo, nawe uliitika hata ukiwa na tonge mdomoni. Leo sikuamkii. Mwanao ameniandikia kwamba umezikwa Kewanja, nyuma ya boma la Tata, baba yetu, na kwamba mwezi ujao watu watakusanyika kukukumbuka. Watapiga nyimbo zako, na wa mwisho utakuwa ule wa maksai. Anataka nitume maneno machache ya kusomwa kabla haujapigwa. "Shangazi, wewe ndiye uliyebaki unayejua ulivyotungwa." Ni kweli ninajua. Basi na asome.

Nakukumbuka kabla ya gitaa. Uliketi kwenye kigoda ukikaza nyuzi nane za litungu, nami nikishika sauti moja bila kupumua mpaka uridhike. "Bhoke, usiishushe! Shikilia hapo hapo!" Neno likikupotea, uliniuliza mimi. Kisha mwenye duka mmoja pale Tarime akaleta gramafoni, na santuri za Wazungu wachunga ng'ombe, wenye sauti zinazovunjika kooni kama za vijana wanaobalehe. Ulisimama barazani kwake siku nyingi mpaka akakupa kiti. Ukarudi nyumbani unacheka: "Dada, kumbe hata Wazungu wana ng'ombe wanaowaliza!" Haikuchukua muda ukapata gitaa, ukalipiga kama litungu, ukamlilia ng'ombe wa Kikurya kwa koo la Kizungu. Kutoka Sirari hadi Mugumu hakukuwa na mwingine kama wewe. Hilo sikunyimi, hata kwa hasira niliyo nayo.

Wambura wa Mbalibali aliponioa, ng'ombe wake waliingia bomani kwetu asubuhi, nawe ukasimama langoni kumsifu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Katikati yao alikuwemo maksai mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima, pembe ya kushoto imeinamia jicho. Nikasema, "Huyu ni kanga aliyekataa kuruka." Ukalidaka neno langu papo hapo. Jina likawa Kanga.

Wambura alimpata kwa mzee mmoja wa Morotonga. Alimpelekea mitamba wawili, wakashikana mikono, yakaisha. Lakini wewe uliimba kwamba alivuka mto na upinde, akamtoa Kanga zizini wenyewe wamelala. Wanawake wakapiga vigelegele. Wambura akakuvuta kando, nami nilikuwa karibu.

"Shemeji, mimi sikumwiba. Sema nilibadilishana."

"Mura, kijana wangu, nikisema ulipeleka mitamba, nani atatikisa bega? Ng'ombe wa kubadilishana haimbwi!"

"Na wenyewe wakisikia?"

"Watasikia wapi? Hii ni sifa. Kila mtu anajua."

Kila mtu wa kwetu alijua, ndiyo. Bwana harusi wa kwetu husifiwa hivyo hata kama upinde ameuona kwa jirani. Maneno yale yangeishia langoni, nisingekuwa na la kusema. Ila uliyachukua ukaenda nayo Nairobi, wakayatia kwenye santuri, pamoja na jina la mume wangu na madoa ya kanga na pembe inayoinamia jicho.

Kufikia hapo yule mzee wa Morotonga alikuwa amekufa. Wanawe hawakuwepo siku ya kubadilishana, wala hawakuambiwa mitamba wale wametoka wapi. Walijua tu kwamba maksai wa baba yao alitoweka alipokuwa anaumwa. Wakausikia wimbo wako kwenye pombe. Wakamshtaki Wambura kwa chifu. Siwalaumu. Wangefikiri nini kingine?

Gramafoni ilibebwa kichwani kutoka dukani hadi barazani kwa chifu, ikawekwa mezani, ikazungushwa. Wimbo ulipigwa mara tatu. Mara ya tatu, Mwita, wazee wa baraza walikuwa wakitikisa vichwa kwa utamu, na mume wangu amekaa chini mbele yao akingoja hukumu. Chifu akakuita.

"Maneno haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni ya kweli?"

Uliwatazama watu waliojaa pale, wengi wao wamekuja kukuona wewe. Ungesema tu kwamba ulitia chumvi, kama waimbaji wote. Wangekucheka siku moja, labda mbili.

Ukasema, "Mimi siimbi uongo."

Nilisimama nikapaza sauti kwamba nilikuwepo, nilisikia Wambura akikuomba. Mtu akajibu kutoka nyuma, "Mke naye aseme nini? Amsute mumewe?" Wakacheka. Nawe ulikuwa unatazama viatu vyako, vile vyeusi vya Nairobi.

Wambura alipelekwa gerezani Musoma. Homa ya mapafu ilimkuta huko, akazikwa na watu wasiojua hata jina la baba yake. Kanga alirudishwa Morotonga. Ndugu za Wambura hawakutaka kumwona dada wa mwimbaji bomani mwao. Na kwetu ningerudi vipi? Ng'ombe wa mahari yangu waliobaki walikuwa wameshatolewa ili wewe uoe, kama ilivyo desturi, na mkeo alikuwa na mimba. Kurudi kwangu kungefanya ng'ombe hao wadaiwe, na nyumba yako ingevunjika. Nikaondoka Mara nikiwa na nguo nilizovaa na kitabu kimoja cha kusomea. Nimefundisha watu wazima kusoma hapa Kilosa mpaka meno yameniisha.

Ulikuja huku mara moja, jina lako likiwa kubwa, gitaa limefungwa kwenye blanketi. Nilikupikia. Nikakuomba kitu kimoja tu: uutoe ubeti ule. Ulikula ukamaliza, ukanawa mikono, ndipo ukasema, "Watu wanautaka huo huo, dada." Jioni hiyo uliuimba. Nilikuwa mlangoni nyumbani kwangu, nikasikia wakishangilia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wimbo wenyewe ni mzuri. Redio ikiupiga, kidole changu kinagonga meza kabla sijakizuia. Na madoa yale ya kanga, yaliyowaonyesha watu maksai ni yupi, ni maneno yangu. Hilo nimelibeba peke yangu miaka yote hii. Ulipaswa kunisaidia.

Mwanao asome barua hii yote, asiruke popote. Kisha wakupigie wimbo wako, sikatazi. Lakini watakaouimba kwa midomo yao, wakifika penye mto na upinde, waweke hapo mstari wangu. Siku zote uliniuliza neno lipi linafaa. Linalofaa ni hili: *Wambura alipeleka mitamba wawili, akapewa Kanga.* Nimeupima mara nyingi kwa kidole juu ya meza. Unaingia sawasawa, mdundo hauvunjiki. Hata siku ile langoni ungeingia.

Siku nitakayosikia wameuimba hivyo, nitakuamkia, kaka. Kwa sasa lala bila salamu yangu.

Dada yako Bhoke,
mke wa Wambura