Nani Alianzisha "Nipige Pasi"

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za shemeji yako, ambaye yuko nyuma yangu hapa ananyoosha shati na kujifanya hajui namwandikia nani. Natumaini wewe na mke wako mu wazima, na kwamba yale mafua yaliyokukausha koo yamekwisha. Sisi hatujambo. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi na halinisumbui nikishuka, kwa hiyo nashuka kwa raha na kupanda kwa kulalamika. Chuoni mambo ni yaleyale: nawafundisha walimu wa kesho kusoma noti, na wao wananifundisha kuvumilia.

Barua yako nimeipata, na ule wimbo mpya uliorekodi nimeusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nadhani wewe mwenyewe hujalifanya. Unasema mwisho wa mwezi utatangaza redioni kwamba umeachana na nyimbo za mapenzi za kuchezeachezea, na kuanzia sasa utaimba mambo mazito tu. Unasema umefikia hapo baada ya kusikia kwa shangazi jinsi kwaya yangu ilivyoniaibisha ukumbini kwa kuimba "Nipige Pasi" mbele ya majaji, na kwamba huwezi kuendelea kula kwa wimbo uliomvunjia dada yako heshima. Unaniomba nikupe baraka. Ngoja kwanza.

Kabla ya baraka, nikwambie ninavyouona huo wimbo wako wa pasi, maana siku ile tulipokula kwa shangazi nilisema neno moja tu, takataka, na naona halikutosha. Unaimba: moyo wangu una mikunjo, mpenzi nipige pasi, anza na kola. Tangu lini moyo ukawa na kola? Halafu unaendelea: mikono taratibu, usiniunguze, ninyunyizie maji kidogo. Mtu mzima, mwenye mke, uliketi ukashika kalamu ukaandika hayo, na hakuna aliyekunyang'anya hiyo kalamu. Muziki wenyewe unazunguka palepale mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepekua chumba kizima akitafuta funguo alizozishika mkononi. Karibu na mwisho, ulipoishiwa kabisa, ukapandisha kila kitu juu kidogo na kuimba yaleyale kwa kelele zaidi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakinifanyia hivyo nawarudishia daftari bila kuweka alama.

Na waliokushangilia nao siwaachi. Kinyozi wa chini ya ukumbi wetu wa mazoezi aliupiga kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, na wateja wake wakawa wanatikisa vichwa huku wembe uko shingoni. Karani wa masjala pale chuoni, mama mwenye wajukuu, aliufanya mlio wa simu yake, na simu ikiita haipokei upesi, makusudi. Shemeji yako, ambaye tangu tuoane hajawahi kujua pasi inawekwa wapi, ghafla ananyoosha nguo zake, zangu na mapazia. Ukimuuliza anasema anajifunza kujitegemea. Huku anauimba, na akifika pale pa maji kidogo, anarusha maji kweli. Watu wazima na akili zao.

Kwenye kwaya nikaweka sheria. Atakayesikika akiuimba, hata kwa pua, atoke nje asimame mlangoni mpaka tumalize kazi iliyotuleta. Unamkumbuka fundi kufuli, yule wetu wa besi. Huyo alisimama nje mara nyingi hata watu wa kinyozi wakadhani ameajiriwa ubawabu. Nilimwambia kwamba sauti kama yake kuitumia kwenye upuuzi ule ni sawa na kufunga banda la kuku kwa kufuli ya benki. Alikubali, akaomba radhi, akarudi ndani, na kabla sijafungua kitabu akaanza tena.

Basi tuje kwenye mashindano. Tulikuwa tumeandaa wimbo mgumu wa sauti nne, bila chombo cha kutusaidia, wenye huzuni ya heshima. Unaijua desturi yangu. Walimu wengine wanaanzisha kwa kinanda, wengine wana kile kichuma cha kugonga kinachotoa sauti moja. Mimi sauti ya kuanzia naitoa kichwani mwangu. Navuma kidogo, kila kundi linachukua pake, kisha nainua mkono. Na kwaya yangu nimeifundisha jambo moja kuliko yote: macho kwa mwalimu, na mwalimu akikosea, kosea naye, tutaulizana nje.

Shangazi alikaa nyuma kabisa, kwa hiyo aliyokusimulia ni ya kuonekana kutoka nyuma. Kwamba ukumbi ulinyamaza, nikainua mkono, na badala ya wimbo wetu ikasikika besi ya fundi kufuli inaguna ule mdundo wako, halafu kinamama wakaingia na moyo wenye mikunjo, na majaji wakaweka kalamu chini. Kwamba tuliondolewa kwenye mashindano siku hiyohiyo. Kwamba fundi kufuli alisimama mbele ya kamati ya kwaya akasema ni yeye aliyeanzisha, kwa utani, na kamati ikamsimamisha. Yote hayo yalitokea. Lakini alichokiri fundi kufuli si kweli.

Mdogo wangu, niliyeanzisha ni mimi. Nilivuma, na kilichotoka hakikuwa sauti ya wimbo wetu. Ilikuwa ya wimbo wako, pamoja na yale madaha yako ya mwanzo, unapoivuta ile "ni" kama mtoto anayebembeleza abebwe. Niliisikia ikitoka puani mwangu mwenyewe. Wanakwaya wakaniangalia. Ningeweza kutikisa kichwa nikaanza upya, hakuna jaji anayemkata mtu alama kwa hilo. Nikainua mkono, na wao wakafanya nilivyowafundisha.

Na sikuwasimamisha. Niliuongoza wote. Ubeti wa pili, ule ambao redio huukata, niliwapa kwa midomo neno kwa neno, maana wao hawakuujua na mimi naujua. Tulipofika pale pa kupandisha, ninapopadharau kuliko pote, niliwapandisha kwa mikono miwili, na sidhani kama visigino vyangu vilikuwa vinagusa sakafu. Nilifurahi. Miaka yote hii nimesimama mbele ya kwaya, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile.

Utataka kujua niliujuaje. Chuoni kuna stoo ya vyombo, na ufunguo ninao mimi. Wenzangu wakienda kula, mimi hujifungia humo kati ya ngoma zilizopasuka na viti vibovu, nausikiliza. Nikisikia mtu anapita, nazima, nakohoa. Mwanzoni nilijidanganya kwamba nachunguza makosa. Makosa niliyamaliza wiki ya kwanza, na bado nilikuwa naenda. Nimefikiri sana kwa nini. Nyimbo ninazoziheshimu hunitaka niwe mtu fulani kabla hazijaanza: niwe nimetulia, niwe nimesoma, niwe na huzuni inayofaa. Wimbo wako haunitaki chochote. Unanikuta nimechoka, nimevua viatu, na unaniimbia habari za kola. Hauna haya hata chembe, na kwa dakika zile chache na mimi sina. Ni wimbo mbaya, naujua ubaya wake kuliko mtu yeyote, na naupenda.

Kwaya nzima ilijua nani alivuma. Fundi kufuli alijitwisha lawama ili mimi nisiulizwe, na mimi nikanyamaza, nikapokea pole za watu. Juzi nilikwenda kwenye kibanda chake nikamwambia kwamba Jumamosi nitaieleza kamati ukweli. Akasema niache tu, mwalimu akichekwa kwaya nzima inachekwa. Nikamwambia basi tutachekwa wote. Sijui kamati itaamua nini juu yangu. Ila besi yake itarudi ndani, hata kama nitakayesimama nje ni mimi.

Sasa hiyo baraka yako. Sikupi. Wimbo wako mpya una vizazi, una utu, una kiza cha dunia, na hauna kosa hata moja nililoweza kulipigia mstari. Nilisinzia mara mbili. Umeuimba kama mtu aliyevaa suti ya kuazima akaja kuniomba kazi. Na nakuambia hivi kwa sababu najua ulikuwa unamwimbia nani, maana siku ile kwa shangazi nilikuona ulivyoacha kula.

Ukienda redioni kusema unaacha, utakuwa umeacha kwa ajili ya heshima yangu. Hiyo heshima naishi nayo mimi, mdogo wangu. Naamka nayo, naenda nayo kazini, narudi nayo, na haijawahi kuniimbia chochote. Usiende ukaniacha nayo peke yake.

Msalimie sana mke wako, na mwambie akufiche hizo kamusi. Shangazi nitamweleza mwenyewe, usimwahi. Nakutakia afya na koo jepesi. Nijibu mapema, na usiniandikie jambo lolote la maana.

Ni mimi, dada yako