Kabla Msiba wa Raheli Haujafungwa

Jumatatu, 2 Juni 1975

Ukungu mpaka saa nne. Zamu yetu shamba la kijiji, maharage. Nililima kidogo, mgongo ukagoma. Balozi wa nyumba kumi akanitazama kama mvivu. Atazame tu. Yeye hajapasuliwa tumbo mara mbili.

Alhamisi tunashuka Lushoto, mimi na Baba Yona. Daktari amesema nisije bila mume. Mama mkwe nimemwambia ni habari ya mgongo. Si uongo mkubwa.

Alhamisi, 5 Juni

Daktari hakuzunguka. Kizazi changu kina makovu mawili, na la pili, la kumzaa Yusufu wetu mdogo, halikupona vizuri. Nikibeba mimba tena kinaweza kupasuka. Kutoka huku kwetu Malindi milimani, kwa barabara ile, sitafika hospitali nikiwa hai. Alilisema hilo mbele ya Baba Yona, nadhani kwa makusudi.

Kisha njia za kuzuia mimba. Vidonge havinifai, nina presha. Kitanzi huongeza damu ya mwezi, na yangu tayari ni nyingi. Sindano huchomwa kila baada ya miezi mitatu. Damu yaweza kuja ovyo, au ikakatika kabisa, na wengine hunenepa. Kufunga kizazi: dawa ya usingizi, kidonda, majuma kadhaa bila jembe wala kuni. Na hakuna kurudi nyuma. Hilo alilirudia.

Halafu akasema mwanamume naye anaweza kufungwa, tena ni kazi ndogo kuliko yangu, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Baba Yona akageukia dirisha. Nje hapakuwa na cha kutazama, ni ukuta tu.

Muuguzi alitaka anichome sindano moja ya kunikinga wakati tukisubiri. Nikakataa. Damu ije ovyo, na mama mkwe anajua kila kitambaa ninachoanika! Nikasema tutafunga mara moja, yaishe.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada niliwauliza wanawake kuhusu kufunga kizazi. Nikasingizia ni swali la mwanafunzi wangu wa darasa la watu wazima. Mama Neema alijua yote. Aliyefungwa huwa baridi kitandani. Damu ya mwezi hukosa pa kutokea, hupanda kichwani, mtu akachanganyikiwa. Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka. Daktari alishasema damu itaendelea kama kawaida. Lakini daktari hajafungwa chochote, na Mama Neema ana dada aliyefungwa.

Njiani tulimpita Anjela wa jirani, kabeba ndoo. Ana jina la mama yake mzazi. Huku kwetu mtoto hupewa jina la mama yake kwa sababu moja tu: mama alikufa akimzaa, hayupo tena wa kuitikia. Wakubwa wakimwita Anjela sauti zao hushuka. Mimi pia.

Jumamosi, 14 Juni

Baba Yona ametoa jibu. Yeye hawezi. Watu watasema amehasiwa kama maksai. Nani atawaambia? Watajua tu, anasema. Ila mimi nikitaka kufungwa, ataweka sahihi.

Kisha akalia. Sikujua analia mpaka aliponishika mkono. Nampenda na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja. Sijui nianze na kipi.

Jumanne, 17 Juni

Tumemwambia mama mkwe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Raheli wangu alikuwa somo yake. Jina moja, bibi na mjukuu. Alikuwa hamwiti Raheli, anamwita mwenzangu. Surua ikamchukua Julai ya mwaka jana. Yusufu akaja muda mfupi baadaye, wa kiume. Tangu hapo mama anasubiri mjukuu mwingine wa kike wa kubeba jina lake. Hajasema hata siku moja. Ila blanketi dogo la Raheli analo, kila Jumamosi analitoa juani.

Aliongea kwa Kishambaa, taratibu. "Sikukatazi, mwanangu. Ila msiba wa mwenzangu bado uko wazi. Mwanamke hafungi kizazi nyumba ikiwa na msiba wazi. Tufanye kumbukumbu kwanza, ndipo uende."

Ndivyo ilivyo huku. Mwaka ukitimia ukoo unakaa, unakula, unamwachilia marehemu. Kabla ya hapo hakuna kuanza jambo kubwa. Ni majuma machache tu. Nikasema ndiyo, mama. Mkwe akikuomba kwa sauti ile, utamjibu nini?

Ijumaa, 27 Juni

Baridi ya kukata masikio. Dukani hakuna sukari. Darasani walikuja wazee wawili, tukaota moto badala ya kusoma.

Blanketi letu ni moja. Nimemwambia Baba Yona awe mwangalifu. Anakuwa. Kiasi.

Jumapili, 13 Julai

Kumbukumbu ya Raheli. Makande, chai, ndugu mpaka uani. Mwinjilisti aliomba kwa kirefu. Mama alisimama kaburini peke yake, akasema, "Lala, mwenzangu. Tumemaliza." Kisha akaja akanishika bega. "Sasa nenda."

Nililia kuliko siku ya mazishi. Hasira yote niliyomwekea imeisha leo.

Hospitali wametupa tarehe 7 Agosti. Damu ya mwezi imechelewa. Haijakaa sawa tangu nianze kumnyonyesha Yusufu. Najiambia hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijafungwa.

Daktari alinipima kwanza, kama kawaida yao. Akarudia. Akamwita muuguzi naye apime. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nina mimba. Baba Yona alikuwa ameshaweka sahihi, kalamu bado iko mkononi.

Mpango ni huu. Mimba ikiwa kubwa nihamie kwa binamu yangu pale Lushoto, karibu na hospitali. Nipasuliwe kabla uchungu haujaanza. Daktari akishamtoa mtoto atanifunga hapohapo. Nikamuuliza kama kovu litavumilia mpaka siku hiyo. Akasema tumwombe Mungu. Daktari!

Naogopa kufa. Naliandika hapa maana hakuna wa kumwambia. Binti yangu Marta bado hajui kusuka nywele zake mwenyewe.

Kwenye basi Baba Yona alisema, "Ningefungwa mimi." Ni kweli, angefungwa yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameambiwa. Alikaa chini jikoni, palepale kwenye majivu, na kitenge chake cha kanisani. Hajala tangu asubuhi.

Nimejaribu kumchukia kutwa nzima. Siwezi. Yeye aliomba msiba wake ufungwe. Mimi nilikataa sindano. Baba Yona alikataa kisu. Kila mtu aliogopa chake, na hakuna aliyetaka hili.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetapika. Mama Neema ameniona, amenipongeza.

Jumapili, 24 Agosti

Jua kidogo, ukungu umewahi kuondoka. Sikwenda kanisani, miguu imevimba. Mama naye hakwenda. Siku hizi maji anachota yeye, kuni anakata yeye, na jembe langu amelificha. Najua lilipo, liko chini ya kitanda chake.

Tulikaa uani tukichambua maharage. Yusufu anajifunza kusimama, anashikilia kigoda, anaanguka. Mama aliingia ndani akatoka na lile blanketi la Raheli. Akaniwekea mapajani, akarudi kukaa.

Nikamwambia akiwa wa kike ni Raheli, naye mama atapata somo yake tena. Nilidhani atafurahi. Nilitaka afurahi walau mtu mmoja.

Aliendelea kuchambua. Mawe huku, maharage kule. Kisha akasema bila kuinua macho, "Langu liache, mwanangu. Mpe jina lolote utakalopenda. Ila lako asilipate."

Nikamkumbuka Anjela na ndoo yake. Tukamaliza maharage, nikayaloweka.