Magonjwa Manane ya Mama

S.L.P. 47,
Funyula, Busia.
14 Novemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Protus,

Mulembe. Hujambo huko Amerika? Kile kikohozi ulichotuambia kwenye simu kimekuacha? Baridi ya huko sisi tunaisikia tu kwa maneno, lakini naomba uwe unavaa vizuri na kula kitu cha moto asubuhi kabla ya kwenda chuoni. Sisi hapa tunaendelea. Shemeji yako Okwara yuko, watoto wako shuleni, mvua imekuja kwa wakati wake na mihogo imesimama vizuri. Cherehani yangu bado iko pale pale sokoni na inatulisha.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa keti chini. Nina hasira nawe, Protus, na nimengoja siku kumi na moja ipungue ndipo nikuandikie. Haijapungua, kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Mama nusura afe. Yuko nyumbani sasa, anakula, usitupe barua ukimbilie simu. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka mwezi wa nane alipoanza kutetemeka mikono. Alikuwa akimwaga chai kabla haijafika mdomoni, akatoka jasho asubuhi ya baridi, akakonda mpaka pete ya Baba ikamtoka kidoleni akifua. Nilimpeleka hospitali Busia. Mara ya kwanza wakasema malaria. Mara ya pili daktari mwingine akamshika shingo, akatoa damu, damu ikapelekwa Kisumu. Majibu yaliporudi akasema ni tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi. Akaandika vidonge, akasema turudi baada ya mwezi. Aliyasema hayo yote akiangalia kadi, hakumwangalia Mama hata mara moja. Ningechukua muda mrefu zaidi kutia uzi kwenye sindano. Huyo daktari naye nina hasira naye, lakini yeye si ndugu yangu.

Mama alitoka pale bila kuelewa kitu. Ndiyo maana ulipopiga simu dukani kwa Okinyi alikueleza wewe kila kitu, mikono, moyo kwenda mbio, jasho, jina la vidonge, herufi moja moja kutoka kwenye pakiti. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilifurahi, nikasema angalau mtoto wake anamsikiliza.

Kumbe ulikuwa unaandika ili ukaulize kompyuta.

Bahasha yako ilifika posta kwa jina lake, si langu. Kurasa thelathini na mbili za Kiingereza, mistari mingine umeipaka rangi ya njano. Mama, ambaye alisoma mpaka darasa la nne na Biblia yake ni ya Kiswahili. Hakuniambia. Alizibeba akampelekea Mwalimu Obura, kwa sababu ni mstaafu na ni mzee wa kanisa na ana kamusi. Mwalimu alimsomea siku mbili mchana kutwa, akitafsiri. Unajua alivyo, hawezi kusema neno hili silijui. Ulikuwa umemtumia magonjwa manane ambayo mtu mwenye dalili kama zile anaweza kuwa nayo. Mama alielewa kwamba anayo yote manane. Saratani ya shingo. Uvimbe kwenye ubongo. Ugonjwa wa mishipa ambao mtu anakauka akiwa hai. Alimuuliza Mwalimu ni upi kati ya hayo utakaomwua kwanza, na Mwalimu akarudi kwenye karatasi kutafuta.

Baada ya hapo akaanza kugawa vitu. Sufuria mbili kubwa akampa Shangazi Apondi. Kuku wote akawapa akina mama wa kanisa. Mimi nikadhani ni uzee unamlegeza moyo. Kisha siku moja akaja kibandani kwangu na kitambaa cheupe alichokinunua Busia, akasema nimshonee gauni.

Nilimuuliza, "La harusi ya nani, Mama?"

Akasema, "Shona tu. Mikono iwe mirefu, ifunike vidole."

Nilidhani anaficha kutetemeka. Nikampima nikimtania kwamba amekuwa mwembamba kama msichana. Niliweka lesi shingoni bila yeye kuomba, kwa sababu nilitaka apendeze. Protus, nilimshonea mama yetu gauni la kuzikwa nikiwa naimba. Nilipojua, nililirudisha kibandani nikalifumua mshono mmoja mmoja, na wateja waliokuja siku hiyo niliwafukuza.

Lakini hilo silo lililotaka kumwua. Ukurasa wa ishirini na tisa ndio. Huo ulikuwa juu ya vile vidonge. Umepaka njano mahali paliposema kwamba kwa watu wachache vinaweza kuharibu chembe za damu. Mwalimu akatafsiri kwamba vidonge vinakula damu. Mama akaacha kumeza. Wiki tatu alikuwa akivitoa kwenye pakiti mbele yangu, akinywa maji, kisha akienda kuvitupa chooni.

Jumanne ya tarehe tatu alianguka kwenye kinu cha kusagia mahindi. Aliletwa kwangu kwenye baiskeli ya boda boda, watu wawili wamemshikilia pembeni, macho yamemtoka na moyo unampiga mpaka unauona juu ya nguo. Okwara alisimamisha pikapu ya samaki barabarani, tukamlaza kati ya makreti, tukaenda hospitali nyingine, ile ya masista. Daktari wa huko ni mwanamke, Dokta Amongin. Alimuuliza Mama kama anameza dawa. Mama akasema, "Niliacha. Mtoto wangu aliyeko Amerika alikataza."

Daktari akanigeukia. "Huyo mtoto ni daktari?"

Nikasema, "Anasomea mambo ya udongo."

"Ameona hii shingo? Ameshika huu mkono?"

Yeye aliendelea na kazi. Alimshughulikia Mama mpaka moyo ukapungua mbio, na jioni akaketi kitandani kwake, akamchorea hiyo tezi kwenye karatasi, akamwambia ugonjwa ni mmoja na unatibika. Kuhusu damu alisema ni kweli, hutokea kwa wachache, ndiyo maana mgonjwa akipata homa au koo likimuuma anapaswa kuja mara moja apimwe. Dakika kumi tu, na kwa lugha ambayo Mama anaielewa. Kwangu alisema pembeni kwamba kwa ile hali, siku moja zaidi ingekuwa kaburi. Tulilala huko siku sita.

Niliporudi kumchukulia nguo nilizikuta karatasi zako chini ya godoro. Nilizisoma zote. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza nikakuta mwandiko wako, mdogo sana: *Mama, please show these to your doctor first.* Kwamba amwonyeshe daktari wake kwanza. Neno moja la akili katika kurasa thelathini na mbili, nawe ukaliandika kwa Kiingereza. Mwalimu anasema aliliona, akadhani si sehemu ya habari.

Najua ulikuwa na hofu. Najua uko mbali, na hiyo mashine iko mbele yako inajibu kila unachouliza. Mimi mwenyewe baada ya kuzisoma nilijipapasa shingo kwenye kioo cha wateja wiki nzima. Nikaanza kuhisi moyo wangu. Nikaenda kupimwa, wakakuta sina kitu. Kwa hivyo sikuambii jambo nisilolijua. Na ile siku ya majibu ningeweza kumwambia yule daktari wa Busia aweke kadi chini atueleze, lakini niliogopa koti lake. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako libebe wewe.

Sasa nikuambie linalonikasirisha mpaka leo. Mama bado anakuamini wewe kuliko Dokta Amongin. Vidonge anameza nikisimama mbele yake, nami namwangalia mpaka chini ya ulimi. Kila siku ananiuliza, "Protus amesema nini?" Nikienda sokoni mapema sijui kinachotokea.

Kwa hivyo utafanya hivi. Jumapili tarehe kumi na tatu Desemba, saa tisa alasiri ya huku, nitakuwa naye dukani kwa Okinyi. Piga. Ongea naye Kisamia chetu. Usimweleze ugonjwa, usimuulize dalili, usimtajie ulichosoma. Mwambie, "Mama, mimi sijui. Daktari ndiye anajua. Meza dawa." Najua itakuuma, kwa maana tangu darasa la kwanza hujawahi kutamka hilo neno sijui. Litamke. Kisha nyamaza umwache akuulize unakula nini huko.

Shemeji yako anakusalimu. Shangazi Apondi anakusalimu pia, na sufuria amekataa kurudisha. Mwalimu Obura siku hizi akiniona anapitia nyuma ya soko, lakini alimtuma mkewe amletee Mama maziwa. Nayo tumeyapokea.

Mungu akulinde na hiyo baridi, akufikishe mwisho wa masomo, akurudishe umkute Mama ameketi mlangoni akikungoja.

Mimi dada yako ninayekupenda, hata leo,
Zilpa