Alizeti na Wageni wa Babu Yako

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Kimumu sote ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako anaringa kama yeye ndiye aliyezaa. Pole na joto la Lodwar.

Unauliza uongeze mbolea gani, maana alizeti yako imetoa maua makubwa lakini mbegu ni tupu ndani. Nimecheka! Mwaka tuliooana tulilima alizeti kule chini Kerio, tukaijaza mbolea ya mbuzi. Maua yalipofunguka nyuki wakaja, na babu yako, mtu wa mahindi, akawafukuza kwa moshi akidhani wanafyonza mafuta. Tukavuna maganda.

Jirani yetu, Mama Kiptoo, alicheka mpaka akakaa chini. "Kijana, chakula umepika vizuri," akamwambia, "lakini wageni wa harusi umewafukuza mlangoni."

Msimu uliofuata babu akatundika mzinga kando ya shamba, na mbegu zikajaa. Chapati za mwaka huo tulizipika kwa mafuta yetu wenyewe.

Kwa hivyo mbolea uliyoweka inatosha, mama. Tafuta mzinga. Hata leo nyuki akiingia jikoni, babu yako hataki nimguse. Anamsogezea sukari.

Ni mimi, nyanya yako.